Herufi Nne na Dagaa wa Bukoba

Kosa langu la mwanzo, na ninaliungama hapa huku masikio yakiwaka moto, ni kuamini kwamba kivinjari kinajua ninachotaka kuliko mimi mwenyewe.

Mama Nyamizi wa Nansio anauza dagaa wakavu, na ndiye mtu wa kwanza kuniamini nimtengenezee tovuti (mimi niliyejifunza kwa kutazama video tu). Siku hiyo tulikuwa tunaipeleka kwa Bwana Karim, mwenye maduka mjini Mwanza, ambaye akipendezwa angechukua mzigo wa mama kila mwezi. Sasa mimi na wasiwasi wangu, asubuhi nikaingia kwenye mipangilio, nikazima yale mapendekezo yanayoshuka ukianza kuandika anwani, maana niliogopa watu wataona ninavyotafutatafuta mitandaoni, nikaacha kitu kimoja tu: nikiandika herufi chache, kivinjari kimalizie chenyewe anwani niliyozoea kuifungua. Safi kabisa, nikajisifu.

Tukafika, shikamoo, marahaba, kompyuta ikaunganishwa kwenye televisheni kubwa ya ofisini. Nikaandika "daga", herufi nne za mwanzo za anwani yetu, nikabonyeza enta kwa madaha bila hata kutazama.

"Nzuri hii," akasema Bwana Karim. "Mifuko inapendeza."

"Mifuko gani?" Mama Nyamizi akasogea. "Majura, mwanangu, huyu si yule mama wa Bukoba anayetunyang'anya wateja?"

Nikafuta, nikaandika tena, enta, Bukoba. Nikafuta tena, enta, Bukoba! Sikuelewa kitu, nikawaza labda tumedukuliwa, labda tovuti yetu imekufa, labda mimi ndiye nimekufa.

"Kijana," Bwana Karim akauliza, "umeletwa na huyu mama au na yule wa Bukoba?"

Mwishowe nikaandika anwani nzima, herufi moja moja, jasho likidondokea vitufe, na yetu ikaja: rangi za Bukoba, mpangilio wa Bukoba. (Ile, ambayo nayo anwani yake inaanza hivyo hivyo, nilikuwa naifungua kila siku ili niige, wakati yetu nilizoea kuifungua kutoka kwenye faili ndani ya kompyuta, kwa hiyo kivinjari hakikuwahi kuijua anwani yake. Haya niliyang'amua nikiwa nimesharudi nyumbani Kiseke.)

"Hebu rudisha ile ya kwanza," akasema Bwana Karim, akatoa simu, akapiga picha namba ya yule mama.

Kwenye ngazi Mama Nyamizi akanigeukia. "Yaani nimepanda meli kutoka Nansio kuja kumtafutia soko mwenzangu!"

Soko lile alilipata yule mama wa Bukoba. Tovuti nimeijenga upya bila kumdai Mama Nyamizi kitu, na safari hii haifanani na ya mtu yeyote. Mama bado ananipa kazi, ila akipiga simu husema, "Bukoba, hujambo?" nami naitika. Kile kipengele cha kumalizia anwani nimekizima. Siku hizi naandika mpaka herufi ya mwisho, nasoma, ndipo nabonyeza enta.