Siku Nne za Lonzell Metoyer

Lonzell Metoyer alikuwa na miaka kumi na tisa katika gereza la jimbo la Louisiana, kumi na mitano kati ya hiyo akikunja mashuka na soksi dobini. Ukimuuliza hali atakuambia "nipo," na hakudanganyi. Kuwapo ndiyo kazi aliyohukumiwa.

Mahakama za jimbo zilipomkatalia zote, ilibaki ya shirikisho, ikague kama alifungwa kihalali. Hoja yake ilikuwa moja: shahidi pekee aliyedai kumwona dukani siku ya uhalifu ameapa kwa maandishi kwamba alidanganya. Sheria ilimpa mwaka mmoja kupeleka ombi. Lonzell, ambaye husoma taratibu na kuandika taratibu zaidi, alimaliza siku ya mwisho yenyewe.

Hapo hakuna ubaya. Mfungwa hawezi kujipeleka mahakamani, kwa hiyo siku anayomkabidhi askari bahasha inahesabiwa kuwa ndiyo aliyoifikisha. Ila lazima ipite dirisha la barua za kesi, iandikwe daftarini. Thurman Fuselier, mfungwa anayewaandikia wenzake kesi maktabani na ambaye wote humwita Wakili, alimwambia hilo mara tatu, ya tatu kwa matusi.

Lonzell alikuta dirisha limefungwa. Askari kaenda kula. Kengele ya kuhesabiwa ikalia, kila mfungwa arudi mahali pake. Akaitumbukiza bahasha kwenye sanduku la kawaida karibu na jiko, analotumia kumwandikia dada yake.

Ilifika mahakamani siku nne baadaye. Jibu lilichukua miezi kumi na minne.

"Kurasa tisa," Wakili alisema, akizipekua. "Zote tarehe tupu. Bwana, ulitia wapi bahasha?"

"Sandukuni."

"Sanduku lipi?"

"La jikoni."

"Lahaula! Soksi za watu elfu mbili unazipanga bila kukosea, bahasha moja ikakushinda?"

"Na shahidi wamesemaje?"

"Shahidi hawajamgusa. Umechelewa, mlango umefungwa, nani atakuuliza ulikuja na nini?"

Lonzell alijipapasa moyoni kutafuta hasira, hakuikuta. Palikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi.

"Tukate rufaa?"

"Mpaka wakupe ruhusa ya kukata. Hawatakupa."

"Andika tu."

"Nitaandika, mzee. Mimi nina safari gani?"

Jumapili alimpigia dada yake, Earline.

"Ehe, kaka, majaji wamesema yule mtu mwongo?"

"Hawajasoma habari zake. Nimechelewa siku nne."

Nyuma ya Earline sufuria ilikuwa ikichemka.

"Nne tu?"

"Nne."

"Sasa mimi nimwambie nini Mama?"

Lonzell alifikiri. Mama ana miaka themanini na saba, na kila Krismasi huuliza kama kitanda cha Lonzell kimetandikwa.

"Mwambie bado wanasoma," alisema. "Unapika nini?"

"Maharage mekundu."

"Haya. Angalia yasiungue."