Kichefuchefu cha Tumbaku

Nilipoolewa Katumba, miaka ya tisini, nilianza kutapika kila msimu wa kuvuna tumbaku. Mara ya kwanza mama mkwe alifurahi mpaka akasahau kunipa pole. Alitaka mjukuu. Lakini mimba haikuwepo, na ndugu wa mume wangu walishaanza kumnong'oneza aangalie kwingine. Iliniuma sana.

Zahanati walisema malaria. Kwao, wakati wa mvua kila anayetapika ana malaria. Mganga hakunigusa hata paji la uso. Alinipa klorokwini, nikalala nyumbani siku kadhaa, nikapona.

"Umeona, mama? Dawa imefanya kazi," akasema mganga.

Nikirudi shambani natapika tena, napewa tena.

Mimi ni mbishi tangu utoto, na vile vidonge vilinifanya nijikune usiku kucha. Safari moja nikavitupa chooni, nikapumzika tu. Nikapona vilevile! Hapo nikaanza kujichunguza. Kumbe nilitapika zile asubuhi tulizochuma majani yakiwa na umande, gauni limelowa maji ya tumbaku mpaka kifuani, sumu ikipenya ngozini. Nikaanza kuchuma jua likishayakausha, kichefuchefu kikakoma. Nilipomweleza mganga alicheka, akakubali, akawa anawaambia na wengine. Nilijivuna kweli.

Mwaka uliofuata, nyasi zikiwa zimeshakauka, nikatapika tena.

"Tumbaku hiyo," akasema mume wangu.

"Tumbaku," akasema mganga, bado amekaa kwenye kiti chake.

Nami nikakubali, si niliigundua mwenyewe? Hata siku zangu zilipopitiliza, nililaumu kazi ya shamba. Mama mkwe alinikorogea uji tu. Habari ya mimba hakuuliza tena, maana alishachoka kutumaini.

Siku moja tulikuwa tunafagia bani, kile kibanda cha kukaushia majani. Nikatoka mbio, nikatapika mlangoni. Mama mkwe akanitazama, kisha akatazama ndani, kwenye miti mitupu ya kutundikia.

"Mwanangu, tumbaku si tulishauza?"

"Tuliuza, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Sasa unatapika tumbaku gani?"

Mama mkwe akaangusha ufagio, akapiga magoti kwenye vumbi, akaniwekea kiganja tumboni huku analia. Tangu nianze kuumwa, huo ndio ulikuwa mkono wa kwanza kunigusa.