Diski Iliyomrudisha Baba

Juzi niliondoka asubuhi bila kujua ninakokwenda, nikaona diski imening'inizwa shambani kufukuza ndege. Nikakumbuka alasiri moja kwetu Ngara, nilipokuwa mdogo.

Anko alitoa kitambaa cha Mama juu ya kompyuta, akatia diski yenye mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, akaiwasha. Kukanuka vumbi lililopata moto, na skrini nzima ikabadilika.

"Sasa hii ndiyo sinema yetu," akasema.

Nikalia. "Anko, umemfuta Baba!" Baba alikuwa ameshafariki, na video yake pekee ilikuwa ndani ya kompyuta ile.

"Wacha kelele, wewe. Diski inaiendesha tu, haigusi kitu kilichomo ndani."

Akaitafuta video ile ndani ya kompyuta, akabonyeza, na Baba akatokea, akicheza vibaya harusini. Mama akacheka mpaka akakaa chini na mwiko wake.

Diski ilipotolewa niliikumbatia, nikiamini Baba amehamia humo. Leo najua hakuwamo. Hata hivyo, ile ya shambani niliifuta vumbi kabla ya kuendelea na safari.