Biskuti za Ufuta za Kuibiwa

Mimi ni mtu wa Iringa. Kwetu baba mkwe ni mtu unayemsalimia, unampa kiti, unamwekea chai, mnaongea habari za mvua na bei ya mbolea, basi. Nilipoolewa Mbeya, kwenye ukoo wa Kinyakyusa unaoshika mila mpaka kwenye kucha, ndipo nikaambiwa kwamba mke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Hampeani mikono wala hamli pamoja. Yeye akiingia sebuleni, wewe unatoka. Mkikutana njiani, unajitanda khanga kichwani unageukia migombani mpaka apite. Wengi mjini walishaachana na mambo hayo, siku hizi wanapiga na selfi na wakwe zao. Baba mkwe wangu hakuachana nayo, na mimi kwa ujeuri wangu nikaapa kwamba kama ni heshima, nitamheshimu mpaka achoke yeye.

Alipokuwa anaishi kwake Rungwe haikunisumbua. Shughuli ilianza mwaka jana, baada ya mama mkwe kufariki, mume wangu alipomleta mzee kukaa na sisi. Nyumba yetu ina korido moja tu, nyembamba, watu wawili hawapishani bila kubanana. Jiko liko mwisho wa korido, na lina mlango wa kutokea uani. Kwa hiyo tukajiwekea utaratibu bila hata kukaa kikao: mzee akitaka kupita anakohoa. Nikisikia kikohozi, naacha ninachofanya, najitanda khanga, natoka uani. Akimaliza shida yake anarudi chumbani na kubamiza mlango, ndiyo narudi kazini kwangu.

Mjumbe wetu alikuwa mume wangu. "Mwambie baba chai iko tayari," nasema mimi, na baba yuko nyuma ya pazia anasikia kila neno. "Mwambie mama asante," anajibu yeye, na mimi nasikia vizuri kabisa. Mume wangu anarudia yote, huku na huku, uso mkavu kama anasoma taarifa ya habari. Watoto wetu wako shule ya bweni huko Iringa, kwa hiyo hakukuwa na mtu mwingine wa kumpunguzia kazi.

Tungeweza kucheka hivyo mwaka mzima, ila mzee alikuwa hataki kula. Tangu tumzike mama, alikuwa anakunywa chai, anamega kipande cha ndizi, anasema ameshiba. Sahani ilikuwa inaingia chumbani kwake ikiwa imejaa na kutoka ikiwa imejaa. Suruali zake zikaanza kufungwa kwa kamba. Hospitali walimpima kila kitu, wakasema hawaoni ugonjwa, ale tu. Mzee mwenyewe alikuwa na ombi moja: "Nirudisheni nyumbani, nikalale karibu na mama yenu." Na hakuwa na maana ya kulala usingizi. Mume wangu akaanza kulegea, akawa anasema labda tumrudishe tu, ndiyo matakwa yake. Kule nyumbani hakuna aliyebaki wa kumpikia hata uji. Mimi nilikuwa najua kabisa tukimpeleka tunampeleka kufa, na niliogopa kuliko nilivyoonyesha. Angekuwa baba yangu mzazi ningekaa naye kitandani, nikambembeleza, nikamlisha kwa mkono. Lakini huyu hata kumwangalia usoni ilikuwa mwiko.

Sasa biskuti. Nilipokuwa msichana Iringa, jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Kiislamu ambaye babu zake walitokea pwani. Kila Idd alikuwa anatengeneza biskuti za ufuta, na ndiye aliyenifundisha. Unachagua mawe kwenye ufuta, unaosha, unaanika, unakaanga kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo mpaka uanze kurukaruka. Hapo unautoa haraka, ukichelewa kidogo unakuwa mchungu na umepoteza mali. Unasaga na mafuta kidogo mpaka upate rojo zito linaloteleza. Yeye rojo hilo alikuwa analiita tahini. Unalichanganya na siagi, sukari, unga na kiini cha yai, unaviringa vidonge, unavibonyeza kwa uma. Oveni sina. Natumia sufuria kubwa yenye mchanga chini, trei ndogo ndani, mfuniko, na mkaa juu ya mfuniko. Ufuta wenyewe analima kaka yangu Idodi, kule kwenye joto, huwa ananitumia kwa basi.

Nilikuwa nimewatengenezea watoto, maana siku ya kuwatembelea shuleni ilikuwa inakaribia. Nikajaza bati, nikaliweka juu ya kabati la jikoni. Siku iliyofuata nikaona biskuti zimeshuka. Nikamtuhumu mume wangu. Akakataa. Nikamwambia asiape, akaapa. Tukanuniana mpaka jioni, halafu nikafikiria panya, lakini panya gani huyo anayerudishia mfuniko?

Nikaweka mtego. Nilichukua masizi ya chini ya sufuria nikayapaka kwenye mfuniko wa bati, upande wa nyuma ambako mkono unashika. Kesho yake asubuhi mzee akakohoa, nikatoka uani kama kawaida, akakaa kidogo, akarudi kwake. Jioni mume wangu akatoka chumbani kwa baba yake amekunja uso. "Leo baba ana masizi kwenye ndevu," akasema. "Sijui alikuwa anafanya nini."

Nilisema naenda kutoa nguo kwenye kamba. Nilicheka kule uani mpaka nikakaa chini. Kumbe kile kikohozi cha heshima, kile ninachokimbilia nje na khanga kichwani kama mwali, mzee wa watu alikuwa anakitumia kufukuza mwenye jiko ili aibe.

Nilipomaliza kucheka nikagundua kitu: alikuwa anakula. Mtu aliyetushinda kwa wali wa Kyela, kwa supu ya kuku wa kienyeji, kwa kila kitu, alikuwa amekula biskuti zangu na kurudia.

Haraka haraka nikapanga nyingine kwenye sahani nzuri, nikamtuma mume wangu apeleke. Sahani ikarudi vilevile. "Mwambie mama asante, ila meno yangu hayawezi vitu vigumu." Hayawezi! Meno yaliyomaliza nusu ya bati. Hapo nikamwelewa. Cha kupewa kilikuwa kinamkumbusha kwamba yeye ni mgonjwa na mjane anayelishwa kwa huruma. Cha kuiba kilikuwa chake.

Basi mwenzenu nikaamua kuibiwa. Sikumwambia mume wangu, maana yeye uso wake hauwezi kuficha hata bei ya nyanya. Nikaanza kuoka biskuti za mgonjwa: tahini nikaongeza, mayai nikaongeza, maziwa ya unga nikamimina bila huruma. Na bati nikawa nalificha. Ungeliacha mezani asingeligusa, lazima alitafute. Mara nimeliweka nyuma ya debe la unga, mara ndani ya beseni la vyombo, mara nimelifunika na ungo. Nilikuwa nasimama uani karibu na tenki la maji, ukungu wa Mbeya unanila mifupa, nasikia mzee anafungua kabati taratibu, anafunga, anafungua lingine. Wakati mwingine alikuwa anachukua muda mpaka nanung'unika peke yangu: baba wa watu, chagua basi uondoke, maharage yangu yanaungua.

Siku moja, nikiwa uani karibu na dirisha lake, nikaanza kulalamika kwa kuku. Nikasema humu ndani kuna mwizi, na siku nikimkamata nitampeleka kwa mjumbe wa mtaa, nimtangaze kanisani na kwenye jumuiya. Kuku walinisikiliza. Na kutoka dirishani nikasikia mzee anacheka, amejiziba mdomo lakini anacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka tangu msiba.

Akaanza kunenepa. Ile kamba ya suruali ikapotea. Mume wangu akawa anamshukuru Mungu na dawa za vitamini alizonunua. Nikamwacha ashukuru.

Halafu mume wangu akaharibu kila kitu. Alisahau simu nyumbani, akarudi mchana kuichukua, akapitia jikoni. Mimi niko nje kwenye tenki nimejitanda khanga yangu, sina habari. Nikasikia sauti yake: "Baba! Unafanya nini jikoni kwa mkamwana wako?" Hakusema kwa ubaya, alishtuka tu. Lakini kwa ukoo wao, baba kukutwa anapekua vyombo vya mke wa mwanawe ni aibu ambayo wazee wanaweza kuitana na kuikalia kikao. Nikasikia bati limewekwa chini. Hakubamiza mlango safari hii, aliufunga polepole, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Chakula cha jioni kilirudi. Kesho yake hata chai ilirudi. Akafunga begi lake, akamwambia mume wangu Jumamosi ampeleke Rungwe, na asijadiliane naye.

"Umeniharibia mgonjwa wangu," nilimwambia mume wangu.

"Mgonjwa gani? Mimi nimemkuta anaiba."

"Sasa ulidhani anakula nini siku zote hizi, vitamini?"

Alinitazama, akakaa, akashika kichwa. Alikwenda kuomba msamaha mlangoni, mzee akamjibu kwamba hakuna kosa, Jumamosi waondoke mapema. Nilikuwa nimemkasirikia mume wangu, nimeikasirikia mila, nimemkasirikia hata marehemu kwa kutangulia.

Ijumaa mume wangu alipokwenda kazini, nilitoka uani, nikasimama chini ya dirisha la mzee. Nikaegemeza mgongo ukutani ili nisimwone na yeye asinione. Sikuwa nimewahi kumsemesha moja kwa moja hata neno moja.

"Baba," nikasema. "Zile biskuti nilikuwa nakuwekea wewe."

Nikasikia kitanda chake kinalia. Nikajua nimemaliza kabisa, nimemvua hata kile kidogo alichobaki nacho. Lakini nilishaanza.

"Nilikuwa nazificha makusudi ili uzitafute. Nilifurahi ulivyokuwa unazipata. Usiondoke kwa sababu ya aibu, baba, maana aibu yenyewe tumeifanya wawili."

Kisha sauti yake ikaja, karibu kabisa, kumbe naye alikuwa amesimama dirishani.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu masizi."

Akaguna. Nikadhani yameishia hapo.

"Mama yenu," akasema, "alikuwa na chungu cha karanga. Alikuwa anakaanga, anatia chumvi, anakiweka juu ya dari, anasema ni za wageni. Mimi nilikuwa naiba. Tangu tuna mtoto wa kwanza mpaka tumezeeka, naiba. Na kile chungu hakikuwahi kuisha. Nilikuwa namcheka moyoni, nasema huyu mwanamke hajui hata kilichomo ndani ya nyumba yake."

Nikasikia ameegemea nondo za dirisha.

"Alijua?" akaniuliza.

"Alijua, baba."

"Una uhakika gani?"

"Kwa sababu hakikuisha."

Ndipo nikamsikia analia. Siku ya mazishi hakulia, alisimama pale kaburini akisalimia watu kama mwenyekiti wa kamati. Sasa alilia kwa sauti, mzee mzima, na mimi upande wangu wa ukuta nililia pia, nimeziba mdomo kwa khanga. Kuku walitupita.

Alipotulia akapenga kamasi. "Huko jikoni kuna nini?"

"Kuna ndizi na nyama."

"Lete."

Nikasubiri aongeze kwamba nimpe mume wangu alete. Mume wangu alikuwa kazini na mzee alijua hivyo. Hakuongeza kitu.

Nilipakua, nikajitanda khanga, nikapita korido nikiangalia sakafu. Mlango ulikuwa wazi. Niliona miguu yake, soksi zimetoboka kidole, na mikono miwili iliyonyooshwa kupokea. Akaichukua sahani kutoka mikononi mwangu, akashukuru, akaenda kukaa kitandani. Mimi nikakaa sakafuni kwenye korido, mgongo kwenye fremu ya mlango, nikimsikiliza anavyotafuna mpaka mwisho.

"Chumvi imezidi," akasema, na akaniomba nimwongezee.