Apollónia wa Borókaszeg, Mwimbaji wa Kwaheri za Marehemu

Alizaliwa Borókaszeg, kijiji chetu kidogo cha milimani kule Hungaria, tarehe 9 Februari 1889, sikukuu ya Mtakatifu Apollonia, mwombezi wa wenye maumivu ya meno, akabatizwa kwa jina hilo. Baba yake, Vidák, alifuma kitani. Babu yake alikuwa mwimbishaji wa kanisa, naye ndiye aliyemfundisha kuimba kwaheri. Kwetu marehemu haendi kaburini kimyakimya. Akikaribia kufa humwita mwimbaji na kumtajia wote anaotaka kuwaaga. Siku ya mazishi, jeneza likiwa uani, mwimbaji huimba kwa niaba yake: kwaheri mke wangu, kwaheri mwanangu fulani. Kila mtu hutega sikio kusubiri jina lake.

Mwaka 1914 wanaume walikwenda vitani, na babu yake alikwisha kufariki. Wazee walikuna vichwa, mwanamke ataimbaje mbele ya padri? Mjane mmoja akawakata kauli: "Basi imbeni nyinyi, mnaokoroma hata misa ikiendelea!" Apollónia akaimba, na tangu siku hiyo akawa Shangazi Póli wa kijiji kizima. Hakuolewa, wala hakuchoka kuitwa.

Lakini hata watakatifu huteleza, na sisi hatulifichi kosa lake, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Mwaka 1931 alifariki mzee Kelemen Bódis. Mwanawe mkubwa, Gergely, alikuwa amegombana na ndugu zake, akahamia mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Ndugu wakamjia mwimbaji. "Shangazi, huyo usimtaje. Ukimtaja, tutakuaibisha hapohapo uani." Póli aliogopa, akaliruka jina. Gergely alikuwa amesimama langoni, kofia mkononi, akisubiri. Wimbo ulipokwisha aliivaa kofia yake, akaondoka bila kugeuka.

Wiki tatu Póli hakula akashiba. Alijua asichokijua mtu mwingine: mzee Kelemen alipomtajia majina, la Gergely ndilo lililokuwa la kwanza. Sasa baba alikuwa udongoni na neno lake la mwisho limekwama kooni mwa mwimbaji. Akafunga mkate na kipande cha nyama ya nguruwe kwenye kitambaa, akatembea siku tatu hadi machimboni.

Gergely hakumfungulia. Póli akasimama mlangoni kwenye mvua, akaanza kuimba kwaheri nzima ya mzee Kelemen. Jirani akatoa kichwa dirishani: "Bibi, hapa hatuna cha kukupa, nenda kwa matajiri!" Póli akaendelea. Alipofika kwenye jina, mlango ukafunguka.

"Umelitunga mwenyewe hilo," Gergely alisema.

"Sikulitunga, mwanangu. Nililiiba. Mzee alikuita wewe kwanza, nami nikaogopa watu. Nisamehe."

Gergely alikaa kizingitini, akalia kama ndugu zake walivyolia uani siku ya mazishi. Kisha akamwambia, "Ingia, Shangazi, utapata homa." Majira ya kuchipua alirudi kijijini, na kwa miaka mingi aliketi karibu na Póli akijifunza nyimbo zake.

Shangazi Póli alilala katika Bwana tarehe 2 Julai 1958. Siku ya mazishi wingu zito la mvua ya mawe lilikaa juu ya mizabibu, wala halikumwaga chochote hadi wimbo ulipokwisha. Wengine husema ulikuwa upepo tu. Sisi wenye mizabibu tunamshukuru Mungu.

Kwa kuwa hakuwa na mume wala mtoto, watu walinong'ona kwamba kwaheri yake itakuwa fupi. Gergely, ambaye sasa nywele zake zilikuwa nyeupe, ndiye aliyeimba. Aliifungua karatasi iliyokutwa chini ya mto wa kulalia wa Póli: nyumba zote za Borókaszeg zilikuwemo, hata za waliomsema vibaya. Hadi leo, Siku ya Marehemu Wote, tunasoma majina kwa mpango wake uleule, na hatumruki mtu hata kama tumegombana naye jana. Tumwige katika hilo. Kwa maana siku ile Gergely alifungua kinywa, akaimba jina la kwanza kwenye karatasi, nalo lilikuwa lake mwenyewe.