Udongo wa Mama Mkwe Niliouchemsha

Ndugu zangu, tangu juzi naona aibu kukaa meza moja na mama mkwe.

Kitaluni kwangu, hapa Unyambwa, miche ya mtundu, ule mti unaopendwa na nyuki, ilikuwa imedumaa. Mama mkwe, mfuga nyuki wa Itigi, akaniletea kiroba cha udongo aliouchota chini ya mtundu mkubwa wa kwao. Alikuwa amekipakata kwenye basi njia nzima.

"Uchanganye kwenye viriba vya miche, baba. Miche itaamka."

Alipoingia ndani kusalimia wajukuu, nikafungua kiroba. Nyuzi nyeupe tupu! Sisi wakulima wa mahindi tumeonywa mno kuhusu ukungu. Nikajisemea, maskini, mama wa watu kaniletea ugonjwa bila kujua. Nikautia udongo wote kwenye pipa, nikamwaga maji, nikachochea kuni mpaka ukatokota kama uji wa msibani.

Jioni akaja kuutazama. Akachota kidogo, akanusa.

"Baba, mbona udongo unanuka moshi?"

"Ulikuwa na ukungu, mama. Nimeuchemsha, hakuna kidudu kilichobaki hai!" Nikatulia nikingoja sifa.

Akakaa taratibu juu ya ndoo. "Hizo nyuzi ndizo nilizokuletea. Ni kuvu wazuri, wanashika mizizi na kuupelekea mche maji na chakula."

Nikaapa kwamba kesho asubuhi nitakwenda Itigi kuchota mwingine palepale.

"Nilipokwisha kuchota huu, wachoma mkaa waliukata ule mti," akasema. "Na tanuru la mkaa wamelichoma palepale. Udongo wa kule nao umeiva, baba, kama huu wako."