Benchi la Tonton Dieumerci

Kila asubuhi, kabla mama hajafungua saluni yake pale mjini Durban, mdogo wake, mjomba wangu Tonton Dieumerci, alikunywa maji moto ya tangawizi, kisha akaimba mpaka vioo vikatetemeka. Alikuwa mwimbaji wa opera, sauti ya tenori. Aliimba Paris na Milano, pombe ikamrudisha kwa mama. Mama alizima madraya yote ya nywele ili amsikilize. Mimi naimba pia, hajawahi kunizimia hata moja.

Kanisani kwetu mlevi anawekwa chini ya nidhamu: anakaa benchi la nyuma, haimbi mpaka atubu. Siku ya Pasaka Tonton alikuja ananuka pombe. Papa Serge, kiongozi wa kwaya, akamwonyesha benchi, solo, ile sehemu ya kuimba peke yako, akanipa mimi. Mwishowe mama alinitazama.

Noti ya juu kabisa ya wimbo ikanishinda. Toka nyuma Tonton akaidaka kwa sauti yake, na kanisa zima likamgeukia. Mama pia, analia.

"Dieumerci, iko nidhamu!" Papa Serge alifoka.

"Pardon, Papa. Mtoto alikuwa anaanguka."

Akachukua koti, akatoka. Hajarudi mpaka leo. Kikombe chake cha tangawizi kiko saluni, mama hataki nikiguse.